H110, 2400 na jamaa zake: baruti za magnum zinazokaa jirani kwenye jedwali na kuachana mezani

Mezani pa mtu anayejaza upya risasi za revolva zenye nguvu kubwa, .357 Magnum au .44 Magnum, huko Marekani hukosi kopo mojawapo kati ya haya: Alliant 2400, Hodgdon H110, Winchester 296, Accurate No. 9, IMR 4227, Lil'Gun, na kwa aliyebahatika kuipata, N110 ya Vihtavuori kutoka Finland. Kwenye majedwali ya kasi ya kuungua, baruti hizi zimepangwa mstari chini ya mstari. Kwa hiyo kopo linapoisha na rafu ya duka ikawa tupu, swali huwa: nichukue ipi badala yake? Na aliyesimama karibu na kaunta hujibu haraka: chukua hiyo, ni ile ile tu.

Katika orodha yote hiyo, jibu hilo ni la kweli kwa jozi moja peke yake. H110 na 296 ni baruti moja yenye majina mawili. Zilizobaki zinafanana pale juu tu, ganda likiwa limejaa na kichwa kikitoka kwa kasi yake yote. Ukitaka kuzitofautisha, usitazame inafika wapi. Tazama inavumilia kushushwa hadi wapi kabla ya kukusaliti. Hapo ndipo ndugu hawa wanapoachana.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Risasi hapa ni kitu kizima kinachoingia kwenye silinda ya revolva. Ganda ni lile la shaba, kichwa ni kile kinachoruka, na fataki ni kidonge cha chini kinachogongwa na nyundo (fataki kwa maana yake ya zamani, si wale wazee wa mjini wanaorubuni mabinti). Baruti ni ya kisasa, isiyo na moshi. Uzito wake hupimwa kwa greni: greni moja ni gramu 0.0648, na ratili moja ina greni 7,000. Kwa hiyo anayetumia greni 20 kwa kila ganda anapata risasi 350 kwa ratili.

Kiasi cha kujaza hatukiandiki hapa, na si kwa uchoyo. Kinategemea kichwa gani hasa, kimeingia ndani kiasi gani, fataki ya nani na ganda la nani. Kitoe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa unachokitumia, toleo la karibuni, wala si kwenye karatasi aliyoibandika mtu ukutani.

Jedwali la kasi ya kuungua limewaponza wengi. Limepangwa kwa mfuatano, halina kipimo. Linasema baruti ya tano ni ya haraka kuliko ya sita, lakini halisemi ni kwa kiasi gani, na hilo pengo la nafasi moja laweza kuwa la unywele au la hatua kumi. Tena mfuatano wenyewe hubadilika ukihama kutoka ganda moja kwenda jingine, kwa sababu kasi ya kuungua si sifa ya baruti peke yake. Inakwenda na shinikizo, nafasi iliyobaki ndani ya ganda na uzito wa kichwa. Watengenezaji wawili wakipanga majedwali mawili, 2400 na No. 9 zinaweza kubadilishana nafasi, na wote wawili wakawa sahihi. Jedwali linafaa kujua ni baruti zipi za kwenda kutafuta kitabuni. Kukisia kiasi kwa kutazama jirani yake ni kujitafutia ajali.

Sasa hao mapacha. H110 ilianza kuuzwa na Hodgdon kutokana na baruti ya ziada ya jeshi iliyotengenezwa kwa karabini (bunduki fupi) ya M1, ya risasi .30. Winchester nayo ikauza baruti ya asili hiyo hiyo kwa jina la 296. Hutoka kiwanda kimoja huko St. Marks, Florida, na tangu 2006 Hodgdon ndiye anayesambaza pia baruti za jina la Winchester. Ukifungua takwimu zake leo, mistari ya H110 na 296 inalingana nambari kwa nambari. Vitabu vya zamani vilionyesha tofauti, na watu wakazigombania sana. Tofauti hizo zilitokana na loti (mafungu ya uzalishaji) mbalimbali, mitutu mbalimbali, na njia ya zamani ya kupima shinikizo kwa kipande cha shaba kinachopondeka, ambayo nambari zake hazigeuzwi kirahisi kuwa pauni kwa inchi ya mraba. Hata hivyo, kuwa baruti moja hakukuruhusu kumimina kopo moja ndani ya jingine. Kila kopo lina loti yake, na loti hutofautiana.

H110 ni punje ndogo za duara, laini kama mchanga wa ufukweni, na ina nitroselulosi pamoja na nitrogliserini. Punje hizo zimepakwa kizuizi juu ili zisiungue kwa pupa mwanzoni, kwa sababu duara lina ngozi kubwa zaidi likiwa zima, kisha linapungua kadiri linavyoliwa na moto. Kizuizi hicho kinahitaji joto na shinikizo ili kipenywe. Mwenye kuwasha jiko la mkaa anajua: makaa yakisongamana yanashika, lakini mawili matatu yaliyotengana yanazima hata ukipuliza. Ganda likijaa H110, fataki ikiwa kali na kichwa kikiwa kimeshikwa sawasawa, moto unashika na unaungua kwa usawa wa kupendeza. Ukipunguza kiasi ili risasi iwe ya upole, unatenganisha makaa.

Ndiyo maana Hodgdon anaonya kwamba H110 na 296 zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kiwango cha juu kilichochapishwa. Linganisha na desturi ya baruti nyingine, ambapo mtu huanza asilimia 10 chini na kupanda kidogo kidogo. Kwenye greni 20, asilimia 10 ni greni 2 nzima za kuchezea. Asilimia 3 ni greni 0.6. Kipimia baruti chako kikiyumba greni 0.2 huku na huku, kimeshakula theluthi mbili ya nafasi yote uliyo nayo. Mtu anayetoka kwenye 2400 na mazoea yake ya "nianze chini kabisa kwa usalama" anaweza, kwa nia njema kabisa, kujipeleka pabaya. Kwenye H110, chini sana si salama. Anzia pale kitabu kinapoanzia, pasipo kujiongezea punguzo lako.

Kinachotokea chini ya sakafu hiyo ni hiki. Fataki inalipuka na kusukuma kichwa mbele kabla baruti haijashika vizuri. Nafasi nyuma ya kichwa inapanuka, shinikizo linaanguka, moto unafifia. Unasikia "puh" badala ya mlio, mkono hausukumwi, na ukifungua silinda unakuta vibonge vya baruti vya manjano, nusu vimeungua. Kichwa kimekwama kwenye koni ya mtutu (mdomo wa nyuma unaopokea kichwa kutoka silindani) au ndani zaidi. Kikikwama nusu ndani ya silinda, nusu mtutuni, silinda haigeuki, na hiyo ni afadhali. Balaa ni kikiwa kimeingia mtutuni chote: silinda inageuka kama kawaida, na anayefyatua haraka anatuma kichwa cha pili kwenye mgongo wa cha kwanza. Mtutu unavimba pete, au unapasuka.

Ukisikia mlio dhaifu, acha. Elekeza mtutu kwenye boma la udongo, hesabu sekunde 30 kwa tahadhari ya risasi inayochelewa kulipuka, kisha ndipo ufungue, utoe risasi zote, na upitishe fimbo ya mbao au shaba kuona kama njia ni wazi. Silinda ikikataa kufunguka huku ndani mna risasi nzima nyingine, hiyo ni kazi ya fundi bunduki. Usigongegonge.

2400 ni mkubwa wa ukoo. Ilikuwepo tangu miaka ya 1930 kwa jina la Hercules, kampuni ambayo biashara yake ya baruti ndiyo Alliant ya leo. .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, na majaribio mazito ya mwandishi wa silaha Elmer Keith kwenye .44 Special, yaliyosababisha .44 Magnum mwishoni mwa 1955, yalifanywa kwa 2400. Faida yake hasa ni uvumilivu. Ukishuka kutoka juu, kasi inashuka pamoja nawe kwa utulivu. Haizimi ghafla. Inafaa vichwa vya risasi ya kuyeyusha (vya madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni na bati), na inafaa mtu anayetaka mzigo (kiasi cha baruti kwenye risasi) wa robo tatu, usiomchosha kiganja kwa kikao kizima. Gharama yake ni uchafu. Ikiwa chini, huacha punje za manjano zisizoungua, na punje hizo hujipenyeza chini ya nyota ya kutolea maganda. Silinda inaanza kugeuka kwa ukaidi, na anayefyatua anadhani revolva imeharibika. Inua mtutu juu unapotoa maganda, gonga kijiti mara moja kwa nguvu, punje zianguke chini. Na uwe na mswaki wa zamani kwenye mkoba.

Kwa 2400 jihadhari na mapishi ya mababu. Viwango vilivyoandikwa miaka ya 1950 vilipimwa kwa maganda na fataki za wakati ule, vingine havikupimwa shinikizo kabisa. Wengi waliovirudia kwa baruti ya leo na fataki ya magnum wamepata maganda yanayong'ang'ania silindani. 2400 inawaka kwa urahisi. Fataki ya kawaida inaitosha, na vitabu vingi vinaitaja hiyo. Ukiweka ya magnum "kwa uhakika zaidi", unaongeza shinikizo bila faida. Kosa hili na lile la H110 ni kama picha na kivuli chake: kule fataki dhaifu ndiyo hatari, huku fataki kali ndiyo tatizo. Aliyezoea moja akahamia nyingine na sanduku lile lile la fataki amefanya mabadiliko mawili huku akidhani amefanya moja.

Fataki zenyewe zina mitego. .357 hutumia ndogo ya bastola, .44 kubwa ya bastola. Kwa kampuni ya CCI, ndogo ya magnum ni 550 na kubwa ya magnum ni 350. Kwa Federal ni 200 na 155. Winchester wana fataki kubwa moja, WLP, inayoandikwa kuwa ni ya mizigo ya kawaida na ya magnum pia, kwa hiyo kitabu kikitaja WLP usidhani ni fataki ya kawaida tu. Remington 1½ ni ndogo ya bastola lakini haifai .357 kwa sababu kikombe chake hakikukusudiwa shinikizo hilo. Ya kutumia ni 5½. Nambari zinakaribiana na masanduku yanafanana. Soma mara mbili.

Accurate No. 9 ni ya punje za duara kama H110, inapimika kwa urahisi kama H110, lakini kwa tabia iko katikati ya hiyo na 2400. Inatoa kasi karibu na ya H110, na inakubali kushushwa zaidi kidogo, ingawa si kwa ukarimu wa 2400. Kama tungelazimika kubaki na kopo moja la revolva yenye mtutu wa inchi 4 hadi 6, tungefikiria hili kabla ya jingine lolote. Fuata fataki iliyotajwa na kitabu, usibuni.

IMR 4227 ni vijiti vifupi, ya nitroselulosi peke yake, bila nitrogliserini. Ni nyepesi kwa ujazo wake, kwa hiyo inajaza ganda na hata kubanwa kidogo na kichwa, na kasi yake huishia chini ya H110. Huwezi kumwaga mara mbili kwenye ganda moja bila kuiona ikifurika. Wenye mikono inayotetemeka na wanaoanza wanapata usalama hapo. Lakini kwenye kipimia, vijiti hukatwa na ukingo wa ngoma, unausikia mkono ukikwaruza, na kiasi kinayumba. Tunaimwaga pungufu kidogo, kisha tunamalizia kwa kidondoshi (kifaa cha kudondosha punje chache chache) juu ya mizani. N110 ya Finland nayo ni vijiti, safi sana ikiungua, na bei yake inauma.

Lil'Gun ilibuniwa kwa ganda dogo la bunduki ya marisau, .410. Kwenye magnum inaonyesha kitabuni kasi ya kuvutia kwa shinikizo la chini, na hapo ndipo watu wanapoikimbilia. Lakini shinikizo la juu kabisa si habari yote. Wanaoitumia sana kwenye revolva wamelalamikia joto la mtutu na kuliwa kwa koni, kiasi kwamba wengi huiachia karabini tu. Sisi pia tuko upande huo. Alliant Power Pro 300-MP ni ya taratibu zaidi kuliko H110, inafaa vichwa vizito na mitutu mirefu. Kwenye mtutu mfupi utapata mwako mkubwa mdomoni na sauti ya kuwakera majirani wa uwanjani.

Kuhusu mitutu mifupi kuna imani kwamba baruti ya taratibu haina kazi kwenye inchi 4. Kronografu (kipima kasi ya kichwa) haikubaliani nayo: kwa mzigo kamili, H110 bado huwa mbele au karibu na mbele hata hapo. Unacholipa ni moto na msukumo, kwa kasi unayoweza kuikaribia kwa 2400 bila vurugu hizo. Kwenye karabini ya inchi 16 mambo yanageuka; .357 hupata mamia ya futi kwa sekunde juu ya revolva, na baruti za taratibu ndizo zinazovuna zaidi.

Sasa namna ya kuzilinganisha wewe mwenyewe bila kujidanganya. Chagua kichwa kimoja chenye takwimu kwa kila baruti unayotaka kupima. Greni 158 kwa.357 na greni 240 kwa .44 ndivyo vinavyoandikwa zaidi vitabuni. Maganda yawe ya chapa moja, yaliyofyatuliwa idadi ile ile, yenye urefu sawa. Urefu wa juu wa ganda la .357 ni inchi 1.290 na hukatwa hadi 1.280, la.44 ni 1.285 na 1.275. Usidharau ukataji huu. Mdomo wa ganda hukunjwa na kalibu iliyowekwa kimo kimoja, hivyo ganda refu linakunjwa sana na fupi linakunjwa kidogo, nawe utailaumu baruti kwa tofauti ya maganda.

Mshiko wa kichwa unaleta sehemu kubwa ya mafanikio ya baruti za taratibu. Huanzia kwenye kipanuzi cha mdomo, kabla hata ya kukunja: kikiwa kipana mno, kichwa kinaingia bila upinzani na hakuna mkunjo utakaokiokoa. Ukikandamiza risasi kwa kidole gumba juu ya meza, kichwa kisizame. Kisha kunja mdomo uingie ndani ya mfereji wa kichwa, kwa nguvu, hasa kwa H110. Jaribu hivi: jaza risasi sita, pima urefu wa ya sita kwa kalipa (kipimio cha taya mbili), fyatua tano, pima tena. Kichwa kikiwa kimetoka nje inchi 0.005 au zaidi, mkunjo hautoshi. Msukumo wa .44 unavuta vichwa kama nyundo ya kung'olea misumari, na kikitoka vya kutosha kinazuia silinda isigeuke. Vichwa vilivyopakwa shaba nyembamba kwa umeme usivipeleke huko. Mkunjo mkali unakata ngozi yao, na wengi wa watengenezaji wao wanaweka kikomo cha kasi karibu na futi 1,200 kwa sekunde.

Risasi 10 kwa kila mzigo ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuamini mkengeuko wowote (kutofautiana kwa kasi kati ya risasi na risasi). Kwa risasi tano, baruti ya hovyo inaweza kuonekana malaika. Weka kronografu umbali wa futi 10 hadi 15, siku moja, joto moja. Risasi zisiachwe juani juu ya boneti la gari wakati zile nyingine ziko kivulini. Andika joto la siku. Kisha fanya jaribio la nafasi ya baruti, ambalo watu wengi huliruka. Fyatua nusu baada ya kuinamisha mtutu chini taratibu na kuurudisha sawa, ili baruti ikae mbele karibu na kichwa. Nusu nyingine baada ya kuuinua kidogo ndani ya kimo cha boma, kwa kadiri sheria za uwanja zinavyoruhusu, ili baruti irudi kwenye fataki. H110 iliyojaa haijali sana, haina mahali pa kwenda. 2400 iliyopunguzwa itakuonyesha pengo, wakati mwingine la futi kadhaa kumi kwa sekunde. Pengo hilo ndilo linalosambaza matundu kwenye karatasi ya shabaha, na hungelijua kwa kupiga vyote kwa mkao mmoja.

Kasi ya kitabuni usiifukuze. Mitutu mingi ya majaribio ni ya inchi 8 hadi 10, na haina lile pengo kati ya silinda na mtutu linalovujisha gesi. Revolva yako ya inchi 6 itakuwa nyuma, na inapaswa kuwa nyuma. Ikifikia nambari ya kitabu, usishangilie: shinikizo lako huenda limepita la kitabu. Kikomo cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi ya Marekani, ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba kwa .357 na 36,000 kwa .44.

Dalili za shinikizo kwenye revolva huja zikiwa zimechelewa. Kubonyea kwa fataki kunategemea ugumu wa kikombe chake na nafasi nyuma ya ganda. Bapa kabisa laweza kuwa salama, na mviringo ukawa hatari. Maganda yakigoma kutoka, yakahitaji kugongwa, umeshapita; rudi nyuma, wala usiseme silinda ni chafu kabla ya kuisafisha na kujaribu tena. Kronografu inasema mapema zaidi. Ukiongeza baruti na kasi isiongezeke kama hatua zilizotangulia, au ikaruka kupita kiasi, simama hapo.

Mizani iwashwe mapema ipate joto, mbali na feni na simu, na ipimwe kwa jiwe la uzito unaokaribiana na wa mzigo wako, si jiwe la gramu 50 tu lililokuja nalo. Punje za duara hupenya kwenye mwanya wa ngoma ya kipimia na kumwagika mezani. Ukiona chenga chini yake, kiasi chako nacho kinavuja. Kabla ya kuweka vichwa, panga maganda yote kwenye ubao na uyamulike kwa tochi, moja baada ya jingine. Baruti za familia hii zina wema mmoja: mzigo kamili ukimwagwa mara mbili unafurika au unafika mdomoni. Zile za haraka, kama Titegroup na Bullseye, zinamezwa na ganda la magnum mara mbili na bado unaona giza ndani.

Mezani pawe na kopo moja tu la baruti wakati wowote. Ukimaliza, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. 2400 na wenzake wenye nitrogliserini wakilala kwenye plastiki ya kipimia wanaibabua, na kesho yake hakuna anayekumbuka ndani mna nini. H110 na No. 9 kwa macho huwezi kuzitenga. Baruti usiyoijua jina haipimwi wala hainuswi ili kukisiwa. Inatupwa. Iliyoharibika hutoa harufu kali ya tindikali na vumbi jekundu la kutu, nayo inatupwa vilevile.

Kanuni ya moto ya NFPA 495, ya chama cha kuzuia moto cha Marekani, inaruhusu nyumbani hadi ratili 20 katika makopo ya asili, na kutoka hapo hadi 50 ndani ya sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi 1. Fataki zisizidi 10,000. Miji mingine ina masharti makali zaidi, kwa hiyo uliza kikosi cha zimamoto cha mahali ulipo. Sanduku hilo lisiwe la chuma lililofungwa kabisa. Baruti ikiungua wazi inawaka tu, ikibanwa inakuwa bomu. Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu ya Marekani. Kutengeneza kwa kuuza kunahitaji. Na anayesafiri kwenda kusalimia Dar es Salaam au Mombasa asipakie kopo wala fataki: ni marufuku kwenye ndege, mzigo wa mkononi na hata ule wa chini.

Kwenye kila sanduku la risasi ulizojaza andika baruti na loti yake, kiasi, kichwa, fataki, urefu wote wa risasi, na tarehe. Ukifungua kopo jipya la baruti ile ile, anza upya kupanda: 2400 kutoka asilimia 10 chini, H110 kutoka mwanzo wa kitabu na usiteremke zaidi ya hapo.